Onions ni "bin Einion": jina la ukoo lisilo na kitunguu ndani yake

*Swali: Salaam, mtaalamu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Wolverhampton, Uingereza, mwaka wa 14 sasa. Nimeolewa na Mwingereza, na jina la ukoo wao ni Onions, yaani vitunguu. Nyumbani Tanga wamenigeuza Mama Vitunguu, na mimi utani nimeuzoea. Ila mwanangu wa kiume amefika miaka 12, shuleni wanamwimbia, na juzi karudi analia, anataka tumwandikishe jina la kwetu. Mama mkwe anasema wazee wao walikuwa wauza vitunguu. Wifi yangu anabisha, anasema walitoka Ufaransa na mashada ya vitunguu kwenye baiskeli. Mume wangu kaambiwa kazini kwamba ni jina la Kiayalandi, O'Nions, lililopoteza alama yake. Tena kuna watu walituuzia ngao ya ukoo yenye vitunguu vitatu, tumeitundika sebuleni. Kwani ukweli ni upi? Na je, tumbadilishie mtoto jina? Asili ya baba mkwe ni Sedgley, karibu na Dudley, kama hilo linasaidia.*

Dada yangu, nianze na mwanao, maana ndiye anayeumia. Mwambie leo hii, kabla hajalala, kwamba jina lake halikutoka sokoni wala shambani. Ni jina la mtu. Koo za Onions zenye asili ya upande huo mnaoishi, yaani Sedgley na Dudley, na nyuma yake mkoa wa Shropshire, kwa sehemu kubwa zimetokana na jina la Kiwelisi, yaani la watu wa Wales, nchi jirani upande wa magharibi: Einion. Ni jina la mwanamume, na zamani lilikuwa la kawaida Wales kama Juma au Hamisi lilivyo kwetu. Orodha ya walipa kodi wa Meirionnydd, eneo la kaskazini-magharibi mwa Wales, ya mwaka 1292 na 1293, iliyobaki mpaka leo, imejaa akina Einion.

Na Sedgley inasaidia, tena sana. Nitakueleza kwa nini. Kwanza nikupitishe njia ambayo jina la mtu lilipita mpaka likafanana na mboga, kwa kuwa ukishaielewa njia hiyo utaweza kumjibu yeyote anayeanza kucheka.

Wewe ni mtu wa Tanga, kwa hiyo sehemu hii itakuwa nyepesi kwako kuliko kwa jirani zako. Wawelisi wa zamani hawakuwa na majina ya ukoo. Mtu alijulikana kwa jina lake na la baba yake, na haja ikizidi, la babu na baba wa babu, kama tunavyosema Ali bin Said bin Hamadi. "Bin" yao ni ap, na mbele ya irabu inakuwa ab. Kijana Dafydd aliyezaliwa na Einion alikuwa Dafydd ab Einion. Dafydd naye akizaa Rhys, huyo ni Rhys ap Dafydd, na Einion keshabaki nyuma. Jina la baba lilihudumia kizazi kimoja likapumzika.

Upande wa pili wa mpaka mambo yalikuwa mengine. Tangu Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, majina ya Waingereza yalianza kuganda, kwanza kwa wenye ardhi, halafu kwa watu wa chini, hata ilipofika karibu mwaka 1400 familia nyingi zilikuwa na jina moja linalorithiwa. Sheria za mwaka 1536 na 1543 zikaiunganisha Wales na Uingereza kiutawala. Mahakama zikaendeshwa kwa Kiingereza, na makarani hawakuwa na subira na mtu anayetaja wazee watano. Walitaka jina lake na jina la ukoo, basi.

Hapo jina la baba likagandishwa kwa namna mbili, na zote mbili zinamhusu Einion.

Namna ya kwanza, ile "bin" ilishikana na jina. Ap Rhys ikawa Price, ap Hywel ikawa Powell, ab Owain ikawa Bowen, ab Ifan ikawa Bevan. Ab Einion ikawa Beynon. Fikiria "bin Ali" inavyotamkwa harakaharaka, halafu karani mgeni anaandika Binali na watoto wanairithi hivyo mpaka Kiyama. Ndicho kilichotokea. Kwa hiyo ukikutana na mtu aitwaye Beynon, au Eynon bila ile b, ujue jina lake na la mumeo ni mamoja, yameachana njiani tu.

Namna ya pili ni ya Kiingereza. Mwingereza akitaka kusema mtoto "wa" fulani, huweka s mwishoni: Roberts ni wa Robert, Williams ni wa William, Jones ni wa John. Einion wa mpakani alipewa s hiyohiyo. Hapa nakuomba usimame kidogo, dada, kwa sababu ndipo watu wote wanapojikwaa. Ile s ya mwisho wa Onions mnaisoma kama ya wingi, mkaona vitunguu vingi. Ni s ya umilikaji. Kazi yake ni ya "wa" kwetu. Ukilifasiri jina la mwanao neno kwa neno, ni "wa Einion".

Sasa, Einion imefikaje kuwa Onion? Mpakani kule watu wa lugha mbili waliishi pamoja kwa karne nyingi. Mfalme Offa wa Mercia, ufalme wa kale wa katikati mwa Uingereza, alijenga boma refu la udongo katika karne ya 8 ili kuwatenga Wawelisi, lakini boma halikuzuia watu kuoana wala kufuata soko. Mji wa Oswestry uko Shropshire, ndani ya Uingereza, na Kiwelisi kiliendelea kusemwa huko na vijiji vya jirani mamia ya miaka baada ya Offa kuzikwa. Majina mengi mnayoyadhani ya Kiingereza huko kwenu ni ya watu waliovuka mpaka ule: Gough ni "mwekundu" kwa Kiwelisi, Lloyd ni "wa kijivu", Maddox ni wa Madog.

Mwelisi anapovuka kwenda kubatiza mtoto, anamwambia kasisi jina: Einion. Kwa masikio ya Kiswahili ni karibu na "Einyon". Kasisi hajui Kiwelisi. Anasikia Inion, au Ennion, au Onion, na anaandika alichosikia, kwani tahajia ya Kiingereza wakati huo haikuwa na sheria moja. Katika madaftari ya zamani ya kanisa jina hili linaonekana kwa sura nyingi: Ennion, Inions, Onyon, Onians, Onion, Onions. Ndugu wa tumbo moja waliweza kuandikwa tofauti.

Lakini kwa nini sura iliyoshinda iwe ile ya kitunguu? Hapa pana jambo ambalo mimi hulipenda kuliko yote katika habari hii. Katika Kiingereza cha mashambani, kitunguu chenyewe hakikutamkwa kama mnavyokisikia redioni leo. Sehemu nyingi walisema "inion", na kwingine "ingun". Kwa hiyo jina la Mwelisi na neno la kitunguu vilisikika karibu sawa mdomoni mwa mkulima. Karani aliyesikia "Inions" akajua kwamba "inion" ya wanakijiji huandikwa onion na watu waliosoma. Akasahihisha. Kwa nia njema kabisa, akaliharibu jina la mtu kwa kulinyoosha.

Masikio ya watu wote hufanya hivyo. Neno geni likiingia, tunalivalisha nguo za nyumbani. Mfano unao Dar es Salaam. Kariakoo imetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na Nairobi nao wana Kariokor yao yenye asili hiyohiyo. Mtu asiyejua historia akianza kutafuta "koo" ndani ya Kariakoo, atalipata, na atatunga kisa kizuri cha koo hilo. Mama mkwe wako amefanya vivyo hivyo na kitunguu.

Umeniuliza pia maana, na nafurahi kwamba ipo. Kwa Kiwelisi, neno einion, ambalo siku hizi huandikwa pia eingion, ni fuawe: lile pande la chuma ambalo mhunzi huweka chuma chenye moto na kukifulia juu yake. Wapo wataalamu wanaoona kwamba jina lenyewe, kwa asili ya mbali, lilitoka kwa Warumi, katika jina Ennianus, kisha likafanana na neno la fuawe. Hoja yao ina uzito na siwezi kuitupa, maana wazazi wengi wa Wales ya kale walirithi majina ya Kirumi. Lakini kwa Mwelisi aliyempa mwanawe jina hilo miaka 700 iliyopita, fuawe ndiyo aliyoisikia masikioni. Kitu kizito, kinachopigwa kutwa nzima kisivunjike. Sishangai wafalme walilipenda. Einion Yrth alikuwa mtawala wa Gwynedd, kaskazini mwa Wales, katika karne ya 5, na maaskofu wawili wa karne ya 13, mmoja wa Bangor na mmoja wa St Asaph, wanaandikwa katika hati za Kilatini kama Anianus, ambayo ni Einion iliyovishwa joho la kanisa.

Nikupe tahadhari moja, kwa sababu Sedgley na Dudley ni nchi ya wahunzi na najua mtakachokifikiria. Sedgley ilijulikana kwa misumari. Familia nzima, wake kwa watoto, zilifua misumari katika vibanda nyuma ya nyumba. Inavutia kusema kwamba ukoo wa fuawe ulifuata fuawe. Msiseme. Jina lilitolewa kwa mtoto kabla hajajua kazi yoyote, kama Simba anayeitwa Simba bila kuwinda. Walikwenda kule kwa sababu ya kazi: makaa ya mawe na chuma vilipoanza kuita watu katika karne ya 17 na ya 18, familia nyingi ziliteremka kutoka Shropshire na mpakani kuja Dudley na viunga vyake. Ndiyo maana nilisema Sedgley inasaidia. Mtu wa Onions mwenye mizizi hapo yuko kwenye mkondo hasa wa watu waliotoka mpakani mwa Wales.

Sasa niyapime ya nyumbani kwenu moja baada ya jingine, bila kumvunjia mtu heshima.

Mama mkwe hakutunga. Kiingereza kina majina mengi ya kazi, na zamani wapo waliopewa jina la bidhaa waliyouza. Neno lenyewe liliingia Uingereza na Wanormani, kutoka oignon ya Kifaransa, na yawezekana familia chache za Onion za mashariki mwa nchi au za London zilianzia hapo. Ungeniambia wazee wa mumeo ni wa Norfolk tangu enzi na enzi, ningesita kukujibu kwa uhakika huu. Lakini mahali ni ushahidi. Jina likijikusanya mpakani mwa Wales, na katika madaftari ya huko likibadilishana nafasi na Ennion na Inions, kitunguu kinakuwa maelezo dhaifu.

Wifi yako kachanganya habari mbili za kweli. Ni kweli walikuwepo Wafaransa wauza vitunguu, tena Wabretoni wa Roscoff, bandari ya kaskazini-magharibi mwa Ufaransa. Mkulima Henri Ollivier alivuka bahari na shehena yake mwaka 1828, wenzake wakamfuata, na baadaye wakawa wanazunguka mitaani kwa baiskeli zilizoning'inizwa mashada. Wales waliwaita Sioni Winwns, akina Sioni wa vitunguu. Na hapo utaona kwamba Kiwelisi kina neno lake la kitunguu, winwns kusini na nionod kaskazini, kwa hiyo Mwelisi mwenyewe hakumsikia Einion kama mboga. Lakini tarehe zinamkatalia wifi. Mwaka 1783 mtu aitwaye Peter Onions, fundi wa chuma mwenye asili ya Shropshire aliyefanya kazi Merthyr Tydfil, alipewa hataza ya njia ya kusafisha chuma kwa kukikoroga kikiwa kimeyeyuka ndani ya tanuru. Alitangulia mwaka mmoja mbele ya Henry Cort, ambaye ndiye aliyepata sifa vitabuni. Yaani miaka 45 kabla Ollivier hajapanda chombo, Onions wa Shropshire walikuwa tayari wanaandikwa kwenye hati za serikali. Kisa cha Peter mwambie mwanao kwa kirefu. Nimeona watoto wa umri wake wanavyopenda habari ya mtu aliyewahi na akasahauliwa.

Habari ya O'Nions nayo ina chembe ya kweli, kwani ipo familia inayoandika hivyo. Keith O'Nions, mwanasayansi wa miamba aliyewahi kuongoza Imperial College London, alizaliwa Birmingham mwaka 1944, jirani yenu kabisa. Ila "O" ya Kiayalandi maana yake ni mjukuu au mzao wa fulani, na ni lazima baada yake lije jina la mtu. Hakuna Mwayalandi wa kale aitwaye Nions. Mambo yalikwenda kinyume na alivyoambiwa mumeo: alama haikupotea kutoka O'Nions, iliongezwa juu ya Onions na watu waliotaka jina lisifanane na kitunguu. Mwanao si wa kwanza kuumia, dada. Wapo pia wanaotamka "onaionz", mkazo katikati, kwa sababu hiyohiyo. Sioni aibu yoyote katika hilo. Kila familia ina haki ya kutamka jina lake ipendavyo.

Kuhusu ngao ya sebuleni nitasema wazi: mliuziwa pambo. Uingereza haina ngao ya jina la ukoo. Ngao hutolewa kwa mtu mmoja, na chombo chenye mamlaka hayo ni College of Arms ya London, kilichoanzishwa mwaka 1484. Kisha hurithiwa na wazao wake halali kwa upande wa kiume. Kuwa na jina linalofanana na la mwenye ngao hakukupi chochote. Kama mnaipenda kwa rangi zake, iacheni ukutani, ila msimwambie mtoto kwamba ni urithi wake, maana mnampa kitunguu kwa mkono mwingine baada ya kumwondolea kwa huu.

Tufike kwenye swali zito. Je, mbadilishe jina?

Wapo watu wakubwa waliochukua kila njia. Charles Talbut Onions alizaliwa Edgbaston, Birmingham, mwaka 1873. Alijiunga na kazi ya Kamusi Kuu ya Kiingereza ya Oxford mwaka 1895, na kufikia 1914 akawa mmoja wa wahariri wake wanne wakuu. Maisha yake yote, hadi alipofariki mwaka 1965, alichimba asili za maneno, na kamusi kubwa ya asili za maneno aliyoifanyia kazi ilitoka mwaka 1966 ikiwa na jina lake. Mtu huyo alijua kuliko yeyote nchini jina lake linavyosikika, na hakuligusa. Mwenzake wa mwaka huohuo wa 1873, mwandishi wa hadithi Oliver Onions wa Bradford, alifanya vingine: mwaka 1918 alibadili jina kisheria akawa George Oliver, lakini kwenye majalada ya vitabu akaendelea kuwa Oliver Onions, kwa kuwa ndilo wasomaji walilomjua nalo. Simlaumu hata kidogo. Alikuwa na watoto wa kupeleka shule kama wewe.

Kisheria, mtu mwenye miaka 16 na kuendelea nchini Uingereza anaweza kubadili jina lake mwenyewe kwa hati wanayoiita deed poll. Chini ya umri huo ni lazima wote wenye mamlaka ya mzazi wakubali, au mahakama iamue. Kwa hiyo huwezi kufanya peke yako kama mumeo hataki, wala yeye hawezi kama wewe hutaki. Na cheti cha kuzaliwa kwa kawaida hakibadiliki. Hati ile hubebwa pamoja nacho kila mahali. Kama mtoto ana hati za Uingereza na nyingine za nyumbani, hakikisheni majina yatawiana kabla ya kutia saini, la sivyo mtapata shida uwanja wa ndege. Hapo muone wakili ana kwa ana, na upande wa nyumbani uulize ubalozi. Mimi ni mtu wa nyaraka za kale, siwezi kukubebea hilo.

Iko njia ya katikati: kuongeza jina la kwenu bila kuondoa la kwao. Wengi hufanya hivyo, na lina faida yake hata bila habari ya kitunguu, kwa sababu mtoto atakuwa amebeba pande zote mbili.

Ukitaka maoni yangu, ningesubiri. Miaka 12 ni umri wa kudhihakiwa kwa lolote. Akiondolewa Onions, watapata kingine, pengine hilo jina la Tanga wasiloweza kulitamka. Mpeni kwanza maarifa, muone yanafanya nini. Akifika 16 na bado analitaka jina jingine, sheria itamruhusu, na atakuwa anaamua akijua anachokiacha. Lakini nyimbo za shuleni zisisubiri hata wiki. Nenda ukaonane na mwalimu wake wa darasa, umweleze kwa majina na siku, uombe waandike. Na ukiona mtoto hali, halali, au anatafuta visingizio vya kutokwenda shule, usibaki na maelezo ya jina. Mpeleke kwa daktari wenu wa kila siku mkazungumze. Utani wa kwetu una kanuni zake, mtani wako unamjua naye anakujua. Kumwimbia mtoto mmoja mkiwa kumi si utani.

Nakushauri pia mufanye jambo moja pamoja, wewe, yeye na baba yake, nalo ni kuutafuta ukoo wenyewe. Haya niliyoandika ni ya jina. Ya familia yenu hayawezi kujulikana mpaka mfuate karatasi, hatua kwa hatua, kutoka leo kurudi nyuma. Anzeni na cheti cha kuzaliwa cha baba mkwe, kitawapa jina la baba yake, kisha mtafute cha huyo. Uandikishaji wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo Uingereza na Wales ulianza Julai 1837, kwa hiyo mtaweza kushuka kizazi baada ya kizazi bila kukisia. Sensa zitawasaidia kujua walikaa nyumba gani na kufanya kazi gani: za majina ziko wazi kuanzia 1841 hadi 1921, kila baada ya miaka 10. Sensa ya 1931 msiitafute, iliungua moto mwaka 1942. Kabla ya 1837 mtaingia kwenye madaftari ya parokia, ambayo yaliamriwa kuanza mwaka 1538, ingawa si kila parokia imehifadhi ya mwanzo.

Hapo ndipo wengi hupotea, kwa sababu mbili. Kwanza, wanatafuta Onions peke yake na kuruka jina lililo mbele ya macho yao. Tafuteni Onion, Onyons, Onians, Inions, Inians, Ennion, Eynon. Pili, wanachukua mti wa ukoo uliochorwa na mtu mwingine wakauunganisha na wao. Dudley ilijaa akina John Onions na Thomas Onions wasio na udugu wowote, kwa kuwa jina la Einion lilikuwa la watu wengi na kila mmoja aliweza kuanzisha ukoo wake. Usikubali kiungo kisicho na karatasi. Kwa sababu hiyohiyo vipimo vya vinasaba havitakujibu swali la jina. Vinaweza kuonyesha kwamba mumeo na Onions fulani wana babu mmoja wa kiume, lakini visipoonyesha hivyo haimaanishi kwamba jina si la Einion.

Mkikwama, na karibu wote hukwama mahali fulani kabla ya mwaka 1700, ndiyo wakati wa kuonana na mtu. Hifadhi ya nyaraka ya Dudley wanalijua eneo la Sedgley kama kiganja chao. Hifadhi ya Shropshire iko mjini Shrewsbury, na mkivuka mpaka, Maktaba ya Taifa ya Wales iko Aberystwyth na ina wosia wa wakulima wa zamani wa pande zile. Pigeni simu kabla ya kwenda, mtaje parokia na miaka mnayoitafuta, na mwombeni mfanyakazi awasaidie kusoma mwandiko. Mwandiko wa karne ya 17 humshinda hata msomi kwa mara ya kwanza.

Na Jumamosi moja isiyo na mvua, mchukueni mtoto kwa gari hadi Oswestry. Ni saa moja na kitu tu kutoka Wolverhampton. Magharibi mwa mji, boma la Offa bado linaonekana, ni tuta la udongo lililoota nyasi, na njia ya miguu inapita kandokando yake. Mfundisheni njiani kulitamka jina kwa Kiwelisi, Einyon, halafu apande juu ya tuta na kutazama pande zote mbili. Mkipata daftari lenye jina hilo kwa tahajia yoyote, nitumie nakala ya ukurasa wenyewe, nitakusomea.